Ardhi Imepanda Milimita Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeamua kuwa Mkuu wa Kitengo. Kiti kiko wazi tangu bwana mkubwa astaafu, na sijamwona anayekifaa kunizidi. Wapo wanaosema anayekifaa ni Desimali, mwenzangu wa meza ya pili. Jina hilo nimempa mimi. Mwanamke yule hairuhusu namba iondoke mezani kwake mpaka aikague na kuipekua mifuko yote.

Asubuhi Mkurugenzi katuita. Baraza la mji linataka namba moja tu kutoka kwetu, Ijumaa kabla ya saa sita mchana: bahari inapanda kiasi gani hapa kwetu? Ikiwa kubwa, watajenga ukuta wa kuzuia maji mtaa wa chini, ule unaopakana na ufuo. Ikiwa ndogo, mawe yaliyokwisha kuletwa yatajenga jukwaa mbele ya ofisi ya meya. Mkurugenzi akasema yeye hamwelekezi mtu, sayansi ni sayansi, ila angefurahi sana kuona namba yenye adabu. Nilimwelewa kabla hajamaliza.

Kazi yenyewe nyepesi. Setilaiti inapita juu, inapima uso wa bahari, inasema bahari inapanda milimita nne kwa mwaka. Lakini setilaiti haijui ardhi tunayoikanyaga inafanya nini huku chini. Ganda la dunia halitulii. Ardhi ikizama, unajumlisha. Ikiinuka, unatoa. Hapo ndipo ninapoingia mimi, Mtaalamu wa Masahihisho. Desimali anadai vipimo vya miaka mingi vinaonyesha ardhi yetu inazama milimita mbili kwa mwaka. Nne na mbili, sita. Namba haina adabu hata chembe!

Mchana nilishindwa kufikiri. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa iko nyuma ya ukuta wangu. Inanguruma kuanzia saa saba mpaka saa tisa, saa ambazo mimi hufumba macho nikatafakari. Nimechomoa fyuzi. Nimeificha kwenye kopo la kalamu. Utulivu ulioje!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefungua vipimo vya antena. Antena hii hutuambia, siku hadi siku, kama ardhi imepanda au imeshuka. Zamani ilikaa uani, juu ya nguzo ya zege iliyochimbiwa hadi kwenye mwamba. Nguzo ile ilikuwa imekalia nafasi nzuri kuliko zote za kuegesha gari. Mwaka jana nikaikatisha usawa wa ardhi, antena nikaihamishia juu ya paa la ofisi, kando ya tangi. Kwenye fomu niliandika kwamba huko itaona anga vizuri zaidi. Desimali aliandika barua tatu za kupinga. Ninazo bado, naweka kikombe cha chai juu yake.

Sasa sikiliza. Tangu jana mchana ardhi imepanda. Milimita moja kasoro kidogo! Nilipiga meza kwa furaha. Desimali akauliza kuna nini. Nikasema mbu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Imepanda tena. Inakaribia milimita mbili. Ardhi ya nchi kavu inanipenda.

Nimeikuta ripoti ya Desimali kwenye mashine ya kuchapia, nikaisoma yote nimesimama. Ukurasa wa tisa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ati maji yanayoongezeka baharini yana uzito, na uzito huo unabonyeza sakafu ya bahari, kwa hiyo setilaiti ikitazama kutoka juu inaona ongezeko dogo kuliko lililopo! Maji yabonyeze jiwe! Nikaenda kuwasomea watu wa chumba cha ramani. Hawakucheka, lakini wale hawajawahi kucheka tangu waajiriwe.

Ghorofa ya tatu maji yanadondoka tone tone. Katibu muhtasi analalamika. Wamemwita fundi bomba, mtu mnene asiye na haraka, akaja mpaka mlangoni kwangu kuulizia fyuzi ya pampu. Nikasema labda panya. Akanitazama, akasema panya wa ofisi hii basi wana bisibisi. Akaenda stoo kuomba fyuzi mpya. Fomu ya fyuzi inahitaji saini tatu. Moja ni yangu. Nimeiweka chini kabisa ya faili zangu, na juu yake nimeweka kamusi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Milimita tatu! Vyooni hali ni mbaya, watu wanapanda ngazi na ndoo. Sayansi haijawahi kuwa rahisi.

Jioni mke wangu kanituma nimpelekee mama yake dawa ya macho. Mama mkwe anaishi mtaa wa chini, nyumba ya tatu kutoka majini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza bahari yangu imefika wapi, kwa sababu ya kwake imefika jikoni.

Akanipeleka kwenye mlango wa jikoni. Mwimo wa mlango ule umejaa alama za msumari. Sehemu ya juu ni urefu wa wanawe walipokuwa wadogo. Mke wangu yupo pale, umri miaka sita, na kwa maneno ya mama yake tangu siku hiyo alikuwa na akili kuliko mtu fulani. Sehemu ya chini ni maji. Kila mwaka, bamvua kubwa kuliko zote, maji yakiingia, mama mkwe hupiga mstari mmoja pale yalipokoma. Mistari kumi na tisa. Wa kwanza umegusa kizingiti, wa mwisho uko chini kidogo ya bawaba. Akanipa rula. Nikapima ili nisimuudhi: kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, sentimita kumi nukta nane.

Akasema niiandike kwenye ripoti yangu. Akasema nyumba ile alijenga na marehemu mume wake kwa mikono yao, na bila ukuta haitafika mwakani. Akasema hataki kwenda kuishi kwa mtu.

Nikamweleza kwa upole kwamba mlango wake haujasahihishwa. Ardhi inasogea, mama, na mlango unasogea pamoja nayo. Akajibu kwamba hilo analijua, na yeye anasimama mlangoni hapo hapo, anasogea nao. Sasa nilitaka maji yapimwe kutokea wapi, mwezini?  Mtu ambaye hakusoma masahihisho utamwambia nini?

Nyumbani nikamsimulia mke wangu ili acheke. Akachukua simu akagawanya. Mistari kumi na tisa, miaka kumi na minane katikati yake. Milimita mia moja na nane kwa kumi na minane. Sita. Nikamwambia ni sadfa. Akaniuliza Desimali kapata ngapi. Nikaenda kuoga.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

SIKU YANGU!

Milimita nne kamili. Kwa kweli ukichukua mwendo wa siku nne ukauzidisha kwa mwaka mzima unapata zaidi ya sentimita thelathini na sita, lakini mimi si mtu wa kutia chumvi. Nimebaki na nne. Bahari inapanda nne, ardhi inapanda nne, nne toa nne. Sifuri! Imeandikwa kwa wino mweusi, saizi kubwa, katikati ya ukurasa.

Mkurugenzi alipoiona, meno yote nje. Desimali akanyoosha mkono. Akataka kujua ilikuwaje ardhi iliyozama miaka yote hiyo ikaghairi Jumatatu baada ya chakula cha mchana. Nikamjibu kwamba ardhi haina ratiba. Akaomba kikao kipitie vipimo vya antena saa kwa saa, tangu ilipohamishwa. Wenzetu wawili wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana naye, roho yangu ikawa juu juu.

Kilichoniokoa ni vyoo. Tulikuwa tumekaa saa moja na nusu, na kila mtu alikuwa amekunywa chai. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupishanisha miguu. Akasema vipimo vya saa kwa saa tutavipitia siku nyingine, akasaini, akatoka mbio kwenda kwenye jengo la jirani. Kikao kikamfuata.

Kabla ya saa kumi ikaja barua: mimi ni Kaimu Mkuu wa Kitengo. Nilipita mbele ya meza ya Desimali mara nne, barua mkononi. Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa, jambo linaloonyesha ana wivu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi: baraza la mji limekaa, limesoma sifuri, limeamua. Hakuna ukuta. Mawe yanakwenda kwa meya. Mke wangu alisikia kwenye redio nikiwa bado namalizia chai. Akakiondoa kikombe mkononi mwangu, akakiosha.

Ofisini: nimehamia chumba cha Mkuu. Ghorofa ya juu kabisa, zulia, kiti kinachozunguka, na choo changu mwenyewe. Choo changu mwenyewe kisicho na maji! Kaimu Mkuu hawezi kupanda ngazi na ndoo. Saa nne nikateremka nikaipachika fyuzi kimyakimya. Tangi lilikuwa tupu, pampu ikanguruma papo hapo. Nikarudi juu, nikafunga mlango, nikazunguka na kiti.

Saa sita na nusu nataka kutoka kwenda kula. Mlango haufunguki. Nikavuta. Nikasukuma. Nikaweka mguu ukutani nikavuta tena. Umeng'ang'ania juu, kwenye kizingiti cha juu. Nikagonga kwa heshima. Halafu nikagonga bila heshima.

Wa kwanza kufika ni Desimali. Nikamsikia nje akisema kwamba na yeye alikuwa anakuja kwangu. Akanisomea kwa sauti, mimi niko ndani: tangu saa nne ardhi imeshuka milimita moja, mbili, tatu, na sasa hivi nne kamili. Ardhi imeshuka kwa saa mbili na nusu kiasi cha ile niliyoipandisha wiki nzima. Akaniuliza ninaonaje. Nikasema nisaidiwe kwanza mlango.

Akaja fundi bomba. Huyo ndiye aliyenimaliza, na wala hakukusudia. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu, kwamba mlango wa Mkuu ndivyo ulivyo. Tangi liko juu yake hasa. Lita elfu tano ni tani tano. Likijaa, paa linabonyea kidogo, mlango unabana. Likiisha maji, paa linarudi, mlango unafunguka wenyewe. Yule bwana mkubwa aliyestaafu alikuwa akiuacha wazi mwaka mzima.

  Halafu Desimali akauliza polepole: kumbe maji yanaweza kubonyeza zege? Nikasema mlangoni si mahali pa mjadala wa kitaalamu.

Wakalazimika kumwaga tangi zima ndipo nikatoka. Ilichukua saa moja na robo. Watu wa chumba cha ramani wote walikuwa koridoni. Walikuwa wanacheka.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Desimali amempelekea Mkurugenzi kila kitu: tangi, fyuzi, paa, mlango. Nikajua leo unga unamwagika. Nikajikaza kisabuni nikaingia.

Lo, nilimdharau bure Mkurugenzi! Alikuwa mtulivu kabisa. Akasema namba imekwisha kutoka nje ya jengo, na namba ikitoka haiitwi irudi, ofisi itachekwa. Sahihisho litatajwa katika ripoti ya mwakani, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Kuhusu cheo changu akasema kumwondoa Kaimu baada ya siku nne kutazua maswali. Nikamwambia nimempenda kwa busara zake. Akasema nitoke.

Desimali akaliandikia baraza mwenyewe, kwa jina lake. Jibu lilikuja mchana ule ule. Mawe yamekwisha kumwagiwa zege.

Ameomba pia antena irudishwe uani. Kisiki cha nguzo ya zamani, anasema, bado kiko palepale kwenye mwamba, chini ya gari langu. Nimemjibu kwamba ombi linafanyiwa kazi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Bamvua.

Nilikuwa nimelisahau. Mtu wa usawa wa bahari, na nilisahau mwezi umejaa! Saa kumi jioni mke wangu kapiga simu ofisini, sauti yake kavu. Maji yameingia kwa mama. Nilipofika yalikuwa yameanza kurudi. Magodoro yako juu ya meza. Jiko limelala ubavu. Mama mkwe kakunja sketi hadi magotini, msumari mkononi, anapiga mstari wa ishirini. Bawaba imezama. Mstari uko juu yake kwa vidole viwili.

Nikataka kumwambia kwamba bamvua moja haionyeshi mwelekeo wa muda mrefu. Akageuka, akanitazama, nikaona macho yake yamevimba. Akaniuliza sifuri yangu ni upi kati ya mistari hii, nimwonyeshe kwa kidole.  Nilijisikia vibaya, naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu. Nilijisikia vibaya sana, takriban mpaka saa mbili usiku.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu.

Amekuja na kitanda chake, kabati la vyombo, cherehani, na mwimo wa mlango. Ndiyo, mwimo! Kamwita seremala akaung'oa mzima mzima. Anasema nyumba bahari inaweza kuichukua, lakini wanawe na hesabu zake haichukui. Umesimamishwa sebuleni, kando ya televisheni. Kila nikitazama taarifa ya habari namwona mke wangu akiwa na miaka sita.

Chumba chetu mke wangu kampa mama yake, na mwenyewe kabaki humo pamoja naye. Mimi nina kochi. Ni kochi la watu wawili waliokaa, si la mtu mmoja aliyelala. Miguu inabaki nje kuanzia magotini.

Leo mama mkwe kanipokea kutoka dukani kwa kuniuliza, mbele ya jirani, kama nimeipandisha ardhi au nimeiacha. Jirani akataka kujua habari hiyo. Akaelezwa yote, na kikombe cha pili cha chai akamiminiwa.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimelala vibaya, lakini nimeamka na akili mpya. Maji yamenifika shingoni, ndiyo, ila nimepata njia!

Tatizo ni kwamba hakuna ukuta. Ukuta ukijengwa, nyumba ya mtaa wa chini itakauka, mama mkwe atarudi kwake, mimi nitarudi kitandani kwangu. Ili ukuta ujengwe inatakiwa namba kubwa. Ili namba iwe kubwa ardhi lazima izame. Na nani katika mji huu anayejua kuizamisha ardhi? Mimi hapa!

Tangi moja linatoa milimita nne. Nitaagiza mengine mawili. Matatu yakijaa ni kumi na mbili, ongeza nne za setilaiti, kumi na sita! Nani atakaa na mawe yake mbele ya namba hiyo? Watalivunja jukwaa wenyewe. Fomu ya matangi inahitaji saini tatu, na sasa kwa kuwa ni Kaimu Mkuu, mbili ni zangu. Mlango wa ofisi nitauacha wazi.

Nilimdokezea mke wangu, bila kutaja matangi, kwamba namba inaweza kubadilika. Akasema Desimali anayo namba ya kweli, ya sita, imekaa tayari mezani kwake, na mama anayo ya pili inayofanana nayo sebuleni. Kwa nini nisizipeleke hizo? Nikamweleza kwamba sita ni ndogo, haiwezi kumtisha mtu. Na zaidi ya hapo, kuithibitisha lazima antena irudi uani. Gari nitaliweka wapi?

Mchana huu mama mkwe kaniita sebuleni. Nilidhani ni maneno mengine. Kumbe kashika msumari. Akasema nisimame kwenye mwimo, visigino vikiwa vimegusa ubao, anataka kunipima kama alivyowapima wanawe, halafu atanipima tena mwakani aone kama kuna kilichokua. Mke wangu alikuwa mlangoni, kajishika mdomo. Nadhani aliguswa. Hata mimi niliguswa: baada ya miaka yote hii, mama mkwe ananihesabu mtoto wa nyumba.

Nikasimama wima. Alipoinama kutafuta nyundo, nikainua visigino. Nimepata sentimita tatu za bure.